Mibuni na Urithi katika Rungwe

Kitabu cha Monica Wilson, For Men and Elders (1977), kinachambua uhusiano wa vizazi, na wa wanaume na wanawake, kwa Wanyakyusa na Wangonde tangu 1875 hadi 1971. Tunakithamini: kinatukumbusha kwamba zamani ng'ombe wa marehemu walikwenda kwa ndugu yake wa tumbo moja kabla ya wanawe, na wajane wakarithiwa pamoja nao.

Lakini mwandishi ameupa ugomvi wa vizazi uzito mno. Ng'ombe huswagwa; mibuni haihami. Shamba la kahawa likigombewa Tukuyu, baba mdogo hudai mila, mtoto wa marehemu hudai haki ya mwana, na makada wengi huishia kuchagua kati ya hao wawili. Jasho la nani limo shambani? Mjane aliyepalilia na kuchuma husimama pembeni kama shahidi tu.

Sheria nayo haikumwokoa. Tangazo la Sheria za Mila la 1963 lilimnyima mjane fungu iwapo marehemu ana ndugu wa ukoo wake. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu Mwanza, alikubali mwanamke wa Kihaya auze ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Huyo, hata hivyo, alikuwa binti aliyeachiwa shamba kwa wosia wa baba yake.