Usugu ni wa Nani? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Tiba

Miongoni mwa istilahi za tiba zipitazo mikononi mwa wafasiri wetu, ni chache ziandikwazo mara nyingi na kufahamika kwa nadra kama usugu. Imo katika mabango ya zahanati, katika hotuba na katika magazeti. Tanzania ilitoa mpango kazi wake wa kwanza wa taifa kuhusu jambo hili mwaka 2017, na wa pili ni wa 2023 hadi 2028. Jina kamili, usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa, limefupishwa kuwa UVIDA. Jambo lenyewe si dogo. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walifariki kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria zisizosikia dawa.

Tuanze na neno lenyewe. Sugu ni ngozi iliyokuwa ngumu: kiganjani mwa mkulima, kisiginoni mwa atembeaye peku, katika paji la uso la mwenye kusujudu. Jirani yake ni kitenzi kusugua. Kutoka hapo neno likahamia tabia, tukapata mwizi sugu na mtoro sugu, yaani yule ambaye adhabu haimwingii tena. Aliyelichukua neno hili na kulipeleka maabara hakukosea. Picha yake inafaa, na kila msemaji wa Kiswahili anayo tayari kichwani. Kasoro ni kwamba picha hiyo inataka ngozi ya kuota, na istilahi yetu haikushika kwa nguvu ngozi hiyo ni ya nani.

Tazama yanayotokea jina refu linapokatwa na mwandishi mwenye haraka. Hubaki "usugu wa dawa". Kwa sarufi yetu, kiunganishi cha -a humpa mmiliki kitu chake: ukali wa simba ni wa simba. Basi usugu wa dawa ni wa dawa, kana kwamba kidonge ndicho kilichogoma. Msomaji mwangalifu huona kwamba hilo haliwezekani, naye hujitafutia mmiliki mwingine. Aliye karibu ni mwili wake mwenyewe.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kukabidhiwa kijikaratasi cha afya akihariri, na kabla ya kukirudisha alikisoma kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wakingoja zamu zao katika zahanati moja. Mzee mmoja alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa utulivu: "Mimi, mwanangu, dawa hizo sijazimeza hata siku moja. Mwili wangu haujazizoea. Hayo waambie vijana." Hakuna aliyempinga. Kwa maneno yaliyokuwamo katika kijikaratasi kile, alikuwa amefahamu sawasawa.

Lakini amepotea, na kupotea huko kwaweza kumgharimu. Kinachozoea si mwili. Katika pafu la mgonjwa wa kifua kikuu mna mamilioni ya bakteria, na miongoni mwao huwamo chache ambazo kwa mabadiliko ya urithi wake haziuawi na dawa fulani. Dawa hiyo ikitumiwa peke yake, au ikikatizwa, zile nyingine hufa na hizi chache huzaana. Ndiyo sababu matibabu ya kawaida huanza na dawa 4 pamoja. Bakteria hizo zilizosalia husafiri kwa kikohozi kama nyingine zote, zikamwingia mtoto au mzee ambaye hajawahi kumeza kidonge chochote cha ugonjwa huo.

Kuna tatizo la pili, nalo ni la kisarufi. Sugu ni kivumishi kisichochukua kiambishi cha upatanisho. Tungesema -gumu, ingekuwa wazi: mgumu ni mtu, kigumu ni kifua kikuu. Lakini katika "mgonjwa wa kifua kikuu sugu" hakuna kinachoonyesha kivumishi kimeegemea wapi. Isitoshe, waandishi wetu hao hao husema "magonjwa sugu" wakikusudia kisukari au shinikizo la damu, maradhi ambayo mtu huishi nayo miaka mingi. Mtu aliyekwisha kufundishwa kwamba ugonjwa sugu ni wa kudumu, akiambiwa ana kifua kikuu sugu, atafahamu nini ila kwamba hatapona? Hali kinatibika. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilianza kuwatibu wagonjwa wa namna hiyo mwaka 2009, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wengi wao matibabu ya vidonge vitupu kwa miezi 6, badala ya miezi 18 au zaidi.

Wapo waliopendekeza tuliache neno hili na kushika ukinzani. Hatukubaliani nao. Ukinzani umekwisha kupewa kazi na walimu wa fizikia katika somo la umeme, tena ni neno la vitabuni. Usugu ubaki, ila uandamane na mwenyewe: vimelea sugu, bakteria sugu, na palipo na mgonjwa, kifua kikuu chenye vimelea sugu kwa dawa. Kwa kisukari na wenzake, tuseme magonjwa ya muda mrefu. Tutaambiwa kwamba maneno yamerefuka na bango ni dogo. Basi herufi zipunguzwe ukubwa.

Kuhusu UVIDA tunayo machache. UKIMWI ulikubalika ingawa wengine waliandika ukosefu na wengine upungufu, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ulionekana nyumba kwa nyumba. UVIDA hauna sura hiyo. Afadhali tujifunze kwa dawa mseto, jina lililopewa dawa ya malaria iliyoanza kutumika Tanzania mwishoni mwa 2006. Kila aliyewahi kula mchele na choroko vilivyopikwa pamoja alifahamu bila semina kwamba dawa hiyo ni zaidi ya moja, na kwamba hazitenganishwi.

Limebaki jina la dawa zenyewe. Wanaistilahi wana kiuavijasumu, waganga wana antibayotiki, na dukani mteja huomba "rangi mbili". Jina hili la tatu ndilo la hatari, kwani vidonge vya rangi mbili ni vya namna nyingi na rangi haisemi kinatibu nini. Lakini ndilo linalotamkwa pale ambapo dawa hubadilishana na fedha. Kabla kamati haijachagua kati ya yale mawili ya kwanza, tungependa wauza dawa waitwe, waulizwe wateja wao husemaje.