Nasaka au na Shaka?

Miaka michache iliyopita niliandika aya nzima kusifu taswira ya mwindaji katika wimbo mmoja wa taarab, niliokuwa nao kwenye santuri ya 45. Mpenzi anasema "nasaka", niliandika, tazameni mapenzi yalivyogeuzwa pori! Baadaye mzee mmoja aliyekua na wimbo huo akaniimbia ubeti uleule kwa ghibu, akacheka. Neno si "nasaka", ni "na shaka". Hapakuwa na pori wala mwindaji. Palikuwa na mtu anayependa huku moyo haujatulia.

Kosa ni langu, lakini gramafoni nayo ilinisaidia kukosea. Ilikuwa ile ya sanduku, ya bei poa, spika zimo humohumo. Sindano ikichakaa, sauti za kwanza kuumia ni s na sh: zote zinakuwa mchakacho mmoja. Na kwa Kiswahili, tofauti hiyo si urembo. Ndiyo maana yenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue gramafoni gani bora zaidi, namjibu kama anayechagua toleo la diwani: anza na matini uliyonayo.

Wengi huanza na ubishi wa mkanda dhidi ya mota inayozungusha sinia moja kwa moja. Mkanda huzuia mtetemo wa mota usifike kwenye sindano. Mota ya moja kwa moja hushika kasi upesi na haiyumbi. Zote zinaweza kutoa sauti nzuri. Mimi naanza na mkono. Katriji nyingi nzuri hutaka kukaa kwenye LP au 45 kwa uzito wa gramu mbili hivi, na unahitaji mkono wenye uzani wa kurekebishwa ili upange hivyo. Gramafoni nyingi za sanduku hazina uzani huo, na sindano zake hukandamiza kupita kiasi. Ni kama msomaji anayefuta herufi kila akipitisha kidole.

Swali la pili ni kasi. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Santuri za enzi hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba dakika tatu hivi. Basi ukisikia wimbo umekatika mapema, usimlaumu mtunzi haraka; huenda nafasi ndiyo iliyoamua idadi ya beti. Mifereji yake pia ni mipana, inataka sindano ya mikroni 76 hivi, ilhali ya LP ni kama 18. Ukitumia ya LP, inazama chini na kukokota vumbi, na sauti ya mwimbaji inabaki huko juu.

Sasa mashine zenyewe. Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979 ni ngumu ajabu, madijei wanaijua, ila ina kasi mbili tu, 33 na 45. Kwa mwenye dansi ya miaka ya 70, ile iliyogawanywa sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili, inatosha kabisa. Rega Planar 3 nayo ni ya kasi hizo mbili, na kuzibadili lazima uinue sinia usogeze mkanda kwa mkono. Ukiwa mtu wa kurukaruka kati ya LP na 45, utachoka. Audio-Technica AT-LP120XUSB haina ufahari wa hao wawili, lakini ina kasi zote tatu na kichwa cha kuvuliwa: unaweka katriji moja ya LP, nyingine ya 78, unabadilisha kwa dakika moja. Kwa kazi ya kusoma kwa masikio, mimi ningechukua hiyo. Hela ikibaki, nunua sindano mpya kabla ya kufikiria spika kubwa.

Ule ubeti nimeupiga tena, kwa mkono uliopimwa na sindano mpya. Sh ipo, nyembamba lakini ipo, na ilikuwepo muda wote. Mzee alikuwa sahihi. Aya yangu ya mwindaji bado naipenda, tatizo ni kwamba haihusu wimbo ule.