'Kuvunja injini' na hatari ya tafsiri sisisi

Wiki jana nilikuwa nikiteremka ukingo wa Kanyamwa, huku kwetu Homa Bay, kuelekea bonde la Lambwe. Njia ilikuwa ya mawe matupu, na gari lilikuwa la petroli na umeme. Breki zilipoanza kunuka, nilimuuliza dereva mbona hatumii ile herufi B iliyo kwenye gia.

"Mwalimu, hiyo siguzi," akajibu. "Karatasi yao inasema ni ya kuvunja injini. Ikivunjika nitalipa na nini? Heri niweke fri."

Alinionyesha karatasi aliyopewa na muuzaji: "Tumia B kuvunja injini kwenye mteremko." Mfasiri alichanganya maneno mawili ya Kiingereza yanayotamkwa sawa, moja la kufunga breki, jingine la kuvunja. Upatanisho wa kisarufi hauna dosari, ila maana imepotea kabisa.

Gari la aina hii likiteremka, mota yake huzalisha umeme wa kuchaji betri, na kazi hiyo hupunguza mwendo. Betri ikijaa, haipokei tena. Ukiweka B, injini huzungushwa na magurudumu na kulizuia gari, nazo breki hupumzika. Ukiweka fri unakosa yote mawili. Breki hubaki peke yake, hupata moto, na zikizidi moto hazishiki.

Karatasi hiyo pia inaliita gari "chotara". Neno hili tumelizoea kwa watu na mbegu. Wapo wanaopendekeza "mahuluti", lakini mimi naona "mseto" linafaa zaidi, kwa kuwa kila aliyekula mchele na choroko katika sufuria moja ataelewa.

Ningeandika hivi: "Kabla ya kuanza kuteremka, punguza mwendo, kisha weka B ili injini isaidie kuzuia gari. Injini itanguruma, hiyo ni kawaida. Usiweke fri."

Najua wapo watakaolikataa neno "fri". Nimelitumia makusudi, kwani ndilo la madereva wetu, na maagizo ya usalama huandikwa kwa ajili ya anayeshika usukani.

Dereva alipoweka B, injini ilinguruma, akaushtukia mkono wake. Nikamwambia atulie, hiyo ndiyo kazi yake. Tulifika Lambwe polepole, bila harufu ya breki.