Kalamu Mbele ya Nyundo

Miongoni mwa sanaa ambazo walimwengu huyala matunda yake bila ya kuuliza mti ulipandwa na nani, naihesabu sanaa ya kuchora magari yanayoundwa kwa matakwa ya mwenyewe: yale ambayo mtu huyanunua yakiwa sawasawa na maelfu ya wenzake, kisha akayapeleka kwa mafundi yakatwe, yashushwe, yalainishwe na kupakwa rangi hata yasishabihiane na mengine yoyote. Mpita njia huusifu mng'aro. Akiwa mjuzi kidogo, humsifu mhunzi aliyelikunja bati. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza habari za yule aliyeketi na kalamu, nyundo zingali ukutani, akaliona gari ambalo halijawa.

Chimbuko la sanaa hii ni California. Huko Hollywood alizaliwa, mwaka 1893, Harley Earl, ambaye baba yake alikuwa muundaji wa magari ya kukokotwa na farasi. Na farasi walipoanza kuiachia mota njia, karakana ile iligeukia kuunda bodi za motokaa, na miongoni mwa wateja wake wakawamo wacheza sinema, watu ambao riziki yao ni kutazamwa. Mwaka 1927 shirika la General Motors lilimkabidhi Earl idara mpya ya Sanaa na Rangi, na desturi ya kuchora kwanza, kisha kufinyanga mfano kwa udongo, ndipo bati liguswe, ikapata makao makubwa ambayo haijayahama.

Lakini waliolifanya gari kuwa jambo la nafsi ya mtu mmoja ni vijana wa Los Angeles baada ya Vita Kuu ya Pili, ambao mifuko yao haikuruhusu jipya na nyoyo zao hazikuridhia la kawaida. Ndugu wawili, George na Sam Barris, walikuwa vinara wao. Mwaka 1952, katika karakana yao ya Lynwood, walilitwaa gari la Mercury la mwaka 1951, mali ya kijana Masato Hirohata, wakalishusha paa lake, nyuma zaidi kuliko mbele, wakaziondoa nguzo za katikati ya madirisha, na viungo wakavijaza risasi iliyoyeyushwa hata mstari wa ubavu ukatiririka bila ya kukwama popote. Fundi wa daraja hiyo aweza kukata kwa jicho, kama waundaji wa majahazi wa Lamu wanavyoziamuru mbao bila ya ramani. Waliojaliwa jicho hilo, hata hivyo, ni wachache, na bati likishakatwa halina toba. Basi kwa walio wengi ni afadhali makosa yafanyike kwenye karatasi, ambako bei yake ni kifutio.

Mchoraji huanza na magurudumu. Mgeni wa kazi hii hudhani ataanza na pua ya gari au taa zake, ilhali magurudumu ndiyo mizani ya vyote: masafa baina ya la mbele na la nyuma hupimwa kwa magurudumu yenyewe, aghalabu matatu, na kila duaradufu lazima kipenyo chake kifupi kiifuate njia ya ekseli, kikipotoka kwa unywele tu, gari zima huonekana limeteguka mguu. Ndipo mkono, ukitoka begani wala si kwenye kifundo, huuvuta kwa mkupuo mmoja ule mstari utokao kwenye boneti, ukapanda juu ya paa, ukashukia buti. Mstari huo haukubali kusitasita. Ukiharibika hutupwa, karatasi nyepesi ya kunakilia ikatandazwa juu ya ile ya kwanza, kilicho chema kikachukuliwa na kibaya kikaachwa chini.

Sasa nataka nikawie kidogo katika hatua ya pili, ambayo ndiyo iliyonitia mahaba na sanaa hii: kuutia mchoro nuru na rangi. Gari lililopigwa rangi vizuri ni kioo kilichopinda, na kwa hiyo anayelichora hulazimika kuuchora ulimwengu ulioanguka juu yake. Sehemu iliyoelekea juu hupokea mbingu; iliyoelekea chini hupokea ardhi; na kati yake, ubavuni, hupita mstari wa giza ambao ni upeo wa macho, ukinenepa na kukonda kwa kadiri bati linavyojipinda. Kromu huzidisha haya yote: buluu juu, weusi wa ghafula katikati, chini rangi ya mchanga. Hilo ni jangwa, nalo limekuwa kanuni kiasi kwamba bampa lichorwalo Detroit wakati wa theluji hubeba jangwa lile lile, wala hakuna alalamikaye.

Zana za kizazi kilichotangulia kompyuta zilikuwa za unyonge wa kustaajabisha. Karatasi ilichaguliwa ya rangi, ili yenyewe iwe mwili wa gari, na msanii aongeze giza upande mmoja na nuru upande wa pili. Chaki ilikwanguliwa ikawa vumbi, ikachanganywa na poda ya kujipaka, ikasuguliwa kwa pamba hata boneti ikapata ulaini ambao brashi haiuwezi. Kifutio kikafuata kingo na kuzirudisha. Mwisho kabisa huja nukta za rangi nyeupe, pale jua linapoligusa bati. Mstadi huweka mbili au tatu. Mwanagenzi huweka ishirini, na gari likaonekana limenyeshewa.

Nisifiche kwamba sanaa hii ina kishawishi chake, nacho ni uongo. Karatasi hukubali paa ambalo chini yake hapakai kichwa cha binadamu, na tairi kubwa ambazo haziwezi kukata kona bila ya kulikwangua bati. Na michoro ya namna hiyo imejaa, mizuri ya kutazamwa na muhali wa kutendwa. Kwa hiyo heshima yangu kubwa naiweka kwa Harry Bradley, mbunifu aliyewachorea ndugu Alexander wa Detroit gari la Deora, kutokana na kigari cha mizigo cha Dodge A100. Milango ya ubavuni aliifuta. Dereva akaingilia mbele, kioo kikiinuka kumpisha. Na kioo chenyewe? Kilikuwa cha nyuma cha Ford ya familia. Ndoto ile, iliyoonekana kama imeshuka kutoka karne nyingine, iliyajua mabati na vioo vilivyokuwa vikipatikana mjini! Mwaka 1967 Deora ilitwaa tuzo ya Ridler katika maonyesho ya Detroit, na mwaka uliofuata ikawamo katika magari ya kwanza ya kuchezea ya Hot Wheels, ambayo mengi yake yalichorwa na Bradley yeye yule.

Waliofuata hawakuiacha njia. Larry Erickson alichora, na karakana ya Boyd Coddington ikaunda, ile Cadillac ya mwaka 1948 iliyogeuzwa kuwa CadZZilla kwa ajili ya mwanamuziki Billy Gibbons, ikakamilika mwaka 1989. Na Chip Foose, aliyesoma katika chuo cha Art Center cha Pasadena, aliwaonyesha watazamaji wa televisheni mkono ukichora kabla ya misumeno kulia. Siku hizi kompyuta huukokotoa mwako wa jua wenyewe na kubadili rangi mara mia kabla ya chai kupoa. Siilaumu. Ila naona michoro yake mingi imejaa mno, kila kioo kikiakisi kila wingu, kwa kuwa mashine haichoki, na kuchoka ndiko kulikomfundisha mchoraji wa chaki kuacha.

Lau ningepewa hiari baina ya Deora yenyewe na karatasi moja ya Bradley, ningesita kwa adabu, kisha ningeomba karatasi. Gari hutaka petroli na banda, na mimi sina ninachoweza kukiahidi zaidi ya ukuta.