Taarifa ya Kutolewa na Taarifa ya Kulindwa

Yametufikia hivi karibuni makabrasha ya mafunzo yaliyoandikwa kwa ajili ya watumishi wanaosimamia tovuti za ofisi za umma. Ofisi iliyoyaandaa hatutaitaja, kwani kusudi letu ni kuyapima maneno, si kumlaumu mtu. Juhudi yenyewe yastahili pongezi. Tangu Mamlaka ya Serikali Mtandao iundwe kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2019, kazi ya kuweka habari za Serikali mbele ya wananchi si ya fundi wa mitambo peke yake. Ni kazi yenye sheria zake, na mtumishi asiyezijua aweza kuiingiza ofisi yake matatani.

Kasoro ya kwanza ipo kwenye jalada: “Matakwa ya Kisheria na Mazoea Bora”. “Matakwa” tunaweza kuyavumilia, maana asili yake ni yale yanayotakwa, ingawa masikioni mwa wengi neno hilo lina harufu ya hiari, kama matakwa ya mgeni mezani. Sheria haitamani, inashurutisha. “Masharti ya sheria” yangetosha. Lakini “mazoea bora” hatuwezi kuyapokea. Katika utumishi wa umma “kufanya kazi kwa mazoea” ni karipio, na kila mtumishi amewahi kulisikia likitolewa na mkuu wake. Mfasiri ameshika maana ya kamusi akaacha maana ya ofisini. Kwa nini isiwe “taratibu bora”?

Hayo ni madogo. Lililotufanya tushike kalamu ni neno “taarifa”, ambalo limetapakaa katika kila ukurasa wa makabrasha hayo.

Sheria mbili zinamhusu sana msimamizi wa tovuti. Ya kwanza ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, inayoitaka ofisi ya umma iwape wananchi habari ilizo nazo. Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayoizuia ofisi hiyo hiyo kutawanya mambo ya watu ovyo. Moja yasema toa, nyingine yasema linda, na zote mbili zimetumia neno moja. Bunge lilikuwa na haki ya kuchagua hivyo, na katika majina ya sheria kivumishi “binafsi” kinatenganisha vya kutosha. Lakini makabrasha yanakiangusha kivumishi hicho kila mara: “msimamizi ahakikishe taarifa zinalindwa”, na mistari michache mbele, “msimamizi ahakikishe taarifa zinatolewa kwa wakati”. Zipi zilindwe, na zipi zitolewe?

Neno lenyewe lina asili moja na arifu, maarifa na maarufu. Kiini chake ni kujulisha. Kwa hiyo “kulinda taarifa”, likisimama peke yake, ni kama kuzuia kitu kisifanye kazi kiliyozaliwa nayo. Mtumishi akisoma hivyo hutafuta maana iliyo karibu, na maana iliyo karibu katika ofisi zetu ni siri. Jalada lenye mhuri wa siri lilikuwapo muda mrefu kabla ya tovuti, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 watumishi wanaijua zaidi kuliko ya 2022. Tunachelea kwamba mwanafunzi wa mafunzo haya atatoka darasani akiamini kuwa anayelindwa ni ofisi dhidi ya mwananchi, hali sheria inamlinda mwananchi, na ofisi ni mmoja wa wale anaolindwa dhidi yao.

Ili uzito wa jambo uonekane, tumchukue msomaji hadi Nainokanoka, kata ya wafugaji iliyo chini ya mlima Olmoti, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Lugha ya nyumbani huko ni Kimaa. Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi na ya mnada. Shughuli za halmashauri ya wilaya ziko upande wa Loliondo, safari ndefu kwa mtu mwenye mifugo. Kwa mkazi wa huko tovuti ya Serikali si pambo. Ni mlango wa ofisi, hata kama atafunguliwa na mwalimu au na mwanawe mwenye simu.

Tuseme imewekwa katika tovuti orodha ya wanafunzi wa kata hiyo wanaofadhiliwa masomo, pamoja na tarehe za kuzaliwa, simu za wazazi na maradhi ya mtoto mmoja mmoja. Msimamizi aliyekariri “taarifa zitolewe kwa wakati” ametii. Lakini Sheria ya 2022 inaziweka habari zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Sasa tugeuze. Mzazi anaomba kujua fedha za ufadhili huo zimetumikaje. Msimamizi aliyekariri “taarifa zilindwe” anamnyima, naye pia anadhani ametii. Makosa mawili yaliyo kinyume yamezaliwa na neno moja lisilofungwa vizuri.

Wapo watakaosema tunakuza mambo. Basi tutazame neno jirani, “tangazo”. Tarehe 2 Agosti 2024 lilitolewa Tangazo la Serikali Na. 673, lililofuta kata, vijiji na vitongoji vya tarafa ya Ngorongoro, ambamo Nainokanoka imo. Na tarehe 22 ya mwezi huo Mahakama Kuu, Arusha, ikasimamisha utekelezaji wake. Shauri lenyewe si la jarida la istilahi. Tunalotaka kuonyesha ni kwamba “Tangazo” la namna hiyo lina nguvu ya sheria, na linaweza kufuta kijiji. Katika tovuti za mikoa na halmashauri, zilizozinduliwa mwaka 2017, kisanduku cha “Matangazo” ndicho hubeba pia zabuni na nafasi za kazi. Mgeni wa lugha atajuaje lipi ni la kusoma akapita, na lipi ni la kukimbilia mahakamani? Makabrasha hayasemi lolote kuhusu jambo hilo.

Tusiwe wachoyo wa sifa. “Ridhaa” imetumika vema na kwa uthabiti, wala haikuchanganywa na “kibali”, ambacho hutoka kwa mwenye mamlaka. “Uchakataji” nao ni chaguo zuri: aliyeona kiwanda cha samaki anajua kwamba kinachoingia sicho kinachotoka. Kuhusu “mtandao” kulazimishwa kubeba Serikali Mtandao na Makosa ya Mtandao, huku Sheria ya Miamala ya mwaka 2015 ikiitwa ya “Kielektroniki”, tutaandika siku nyingine.

Pendekezo letu ni jepesi. Katika mafunzo “taarifa” isisimame bila mwenzake. Za kutolewa ziitwe “habari za umma”, na panapotajwa Sheria ya 2016 ielezwe wazi kwamba ndizo zinazokusudiwa. Za mtu ziitwe “taarifa binafsi” pasipo kufupishwa. Na kitendo cha kumjulisha mtu jambo kiitwe “kuarifu”. “Matangazo ya Sheria” yatengwe na matangazo mengine.

Limebaki moja ambalo hatujalipatia jibu. Mtu ambaye habari zake zimekusanywa, makabrasha yanamwita “mhusika wa taarifa”. Walimu wa fasihi watatabasamu, maana kwao mhusika hukaa ndani ya riwaya na husema anachosemeshwa na mtunzi. Tulifikiri “mwenye taarifa”, kama vile tusemavyo mwenye ng’ombe. Lakini ofisi iliyozikusanya nayo yaweza kujiita mwenye. Wasomaji walio na neno bora, hasa mnaofanya kazi Karatu na Ngorongoro, mtuletee.