Simba wa Tsavo: Sikio Lilitangulia Jicho

Shamba la miwa iliyokomaa, kama yale yanayokizunguka kijiji cha Sanje, humeza mtu hatua chache tu kutoka njiani. Majani yakicheza bila upepo, mwili husisimka kabla akili haijauliza kuna nini. Filamu ya The Ghost and the Darkness (1996) inatisha pale tu inapoiheshimu hali hiyo. Kisa chake ni cha kweli: mwaka 1898 simba wawili waliwaburuta wajenzi wa daraja la reli la Tsavo kutoka mahemani usiku, hadi mhandisi Patterson alipowaua mwezi Desemba. Wajenzi walisadiki kuwa hao si simba, ni mizimu ya machifu iliyovaa umbo la mnyama ili kuizuia reli. Kwa hiyo naihesabu katika ukoo wa filamu za watu wanaogeuka mbwa mwitu.

Mwongozaji Stephen Hopkins alipiga picha Afrika Kusini kwa simba waliofunzwa, pamoja na simba bandia kutoka karakana ya Stan Winston. Simba hai hukimbia vizuri lakini haachiwi shingo ya mwigizaji. Bandia hung'ata salama, ila ukimtazama kwa muda uhai wake hupungua. Ukiunganisha miili hiyo miwili, jicho lisipewe nafasi ya kukagua, na mlio ndio uwafanye kuwa mnyama mmoja. Si ajabu Oscar ya filamu hii ilikwenda kwa uhariri wa sauti, kwa Bruce Stambler. Mtu atapinga kwamba mwaka 1981, katika An American Werewolf in London, Rick Baker alimgeuza mtu kuwa mnyama chumbani, taa zikiwaka, akapata Oscar ya vipodozi. Kweli, lakini pale tunaumia pamoja na kijana tunayemjua, mifupa yake ikirefuka. Tsavo hakuna anayegeuka mbele yetu. Simba akionyeshwa sana, anabaki simba tu.

Kosa lililonisikitisha zaidi ni manyoya ya shingoni. Simba halisi, waliohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field, Chicago, ni madume yasiyo nayo. Wa filamu wanayo tele. Mtetezi anaweza kusema bila manyoya mtazamaji angedhani ni majike. Na adhani hivyo! Dume lenye shingo tupu limekwisha kutoka nusu katika jinsi yake, na shaka hiyo ingemsogeza mtazamaji karibu na imani ya wajenzi. Ushahidi ulikuwa Chicago tangu miaka ya 1920, Patterson alipouza ngozi za simba hao baada ya kuzifanya mazulia ya sakafuni, na bado simba wa filamu wakavalishwa uzuri ambao wenyewe hawakuwa nao.