Sikio la Sengu

Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, wanaume wa ukoo walikuwa wakikutana kula pamoja, na hapo penye chakula ndipo mambo yao yalipozungumzwa: mashamba, ndoa, ugomvi wa ndugu, mwenendo wa vijana. Mkutano huo uliitwa sengu. Wanaoukumbuka husifu hekima ya wazee waliosema. Mimi nawasifu waliosikiliza.

Kusikiliza kuna ufundi wake. Msikilizaji hodari humwacha mwenzake afike mwisho wa neno lake, hata pale anapodhani analijua linakoelekea. Kisha hulirudia kwa ufupi: "Unasema mpaka wa shamba ulisogezwa baada ya mzee kufariki, ndivyo?" Mlalamikaji huwaza kidogo, akajibu kwamba mpaka angeuvumilia; kilichomuuma ni kutoshirikishwa. Kama asingeulizwa, kikao kizima kingepima ardhi na kinyongo kingebaki palepale.

Mgeni anayezitazama ngoro za Umatengo, yale mashimo ya kilimo yaliyopangwa kwenye miteremko mizima, naye huhitaji ufundi huo. Akiuliza na kutulia, ataelezwa jinsi nyasi zinavyofyekwa na kulazwa kwa miraba, zikafukiwa kwa udongo, maharage yakapandwa kwenye matuta, na mahindi yakafuata. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni badala ya kuporomoka na udongo kuelekea Ziwa Nyasa. Nyasi zikioza, shamba hupata mbolea. Elimu hiyo ilikuwepo kabla ya bwana shamba yeyote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani waliketi kuisikiliza, na kijijini Kindimba, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikapatikana kamati iliyorithi jina la sengu, na pia mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji. Naona fahari kubwa kwamba maendeleo yalikwenda kuazima jina kwa wenyeji.

Hata hivyo sengu ya kale haikusikia kila sauti. Kwa desturi mwanamume hufyeka na kulaza nyasi. Mwanamke ndiye huchimba shimo na kufukia. Anayejua udongo umechoka wapi ni yeye, na barazani hakuwepo. Natamani vikao vya leo, Mbinga mjini hata Mbamba Bay, vianze na neno lake, kisha wanaume walirudie mpaka yeye mwenyewe aseme, "Ndiyo, hapo mmenielewa."